UZI: Corona iliongeza watoto wenye shida Uganda, au iliongeza foleni ofisini tu?

#1 Probesheni_Mashariki
Wadau salaam. Nafanya kazi kwenye ofisi ya probesheni ya wilaya moja huku mashariki, upande wa ustawi wa watoto. Juzi alikuja mgeni wa mradi anataka "takwimu za mahitaji kipindi cha Corona". Nikamfungulia lile daftari kubwa la kesi. Aprili 2020 kuna mistari ya kuhesabika, Mei vivyo hivyo, nusu ya ukurasa nyeupe. Halafu usafiri uliporudi, mistari imebanana mpaka nyingine imeandikwa pembezoni mwa karatasi, na kwenye safu ya aina ya shauri linajirudia jambo moja kutoka juu hadi chini: matunzo, matunzo, matunzo, yaani mzazi anamdai mwenzake amtunze mtoto. Mgeni akaandika kwenye kompyuta yake kwamba mahitaji yalishuka kisha yakapanda.

Mimi napinga. Hakuna kilichoshuka. Hapakuwa na basi, hapakuwa na boda, na afisa mwenyewe alifungiwa kwake. Na hata kule kupanda sidhani kulitokana na ugonjwa. Shule ndiyo iliyokuwa imewabeba watoto hawa siku zote. Ilipofungwa wakatuangukia sisi. Anayepinga aje.

#2 Dereva_Malaba
Nimeshika siti ya mbele.

#3 Mwalimu_wa_P6
Mwanzisha uzi umesema kweli tupu. Darasani namjua mtoto aliyelala njaa, namjua aliyepigwa, namjua binti aliyeanza kukaa nyuma na kuvaa sweta mchana wa jua kali. Simwandiki popote, naita mama yake tu tunaongea. Kazi hiyo hakuna mradi unaoihesabu. Shule zikafungwa miaka miwili kamili, nani alikuwa anawaona?

#4 Takwimu_Kasese
@Mwalimu, si miaka miwili kamili kwa wote. Zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini. Madarasa ya mitihani, P7 (la saba), S4 na S6 (kidato cha nne na cha sita), yalirudi Oktoba 15 mwaka huo huo. Mengine yakarudi kwa mafungu mwaka 2021, wimbi la pili likaja, zikafungwa tena Juni 7. Kufungua kwa wote ni Januari 10, 2022. UNESCO walihesabu wiki 83, kufungwa kwa shule kurefu kuliko kote duniani.

#5 Mwalimu_wa_P6
Mdogo wangu, watoto wangu wa P2 na P3 hawakuonja hayo mafungu zaidi ya wiki chache. Kwao ni miaka miwili. Endelea na kalamu yako.

#6 Mtu_wa_Muleba
Majirani, na nyie mnapenda kujitesa. Sisi Tanzania tulifunga Machi, Juni 2020 tukafungua, vyuo na kidato cha sita tarehe 1, wengine tarehe 29. Watoto wakasoma, maisha yakaendelea. Mngetuuliza.

#7 Dereva_Malaba
@Mtu_wa_Muleba mngetujibu nini na nyinyi mlikuwa ndani ya blanketi mnajifukiza? Mkafika wagonjwa 509 mkaacha kutangaza hesabu. Ukizima taa hata panya huwaoni.

#8 Mtu_wa_Muleba
😂😂 Nyungu iliponya. Lakini jibu hoja: mtoto wa Muleba alikuwa darasani, wa Masaka alikuwa anauza maembe barabarani.

#9 Mkunga_Jinja
Hoja yako ina uzito, ila nyumbani kwako nako kulikuwa na jambo. Binti wa Tanzania akipata mimba shule ilikuwa imekwisha, mpaka Novemba 2021 mlipoondoa katazo. Kwa hiyo tusipimane sana.

Turudi kwenye mada. Huku kliniki ya wajawazito mwaka 2021 walikuja mabinti wameshika mkono wa mama zao. Nikimuuliza hedhi ya mwisho, anamtazama mama. Wengi kwetu wanatoka vijiji vya mashamba ya miwa. Shule ilipofungwa kijana alikwenda kukata miwa, akawa na noti mfukoni, na binti nyumbani hana hata pedi. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, wala haihitaji mtaalamu. Lakini wapo pia waliopewa mimba na watu wa nyumbani mwao, hao hawakutoka nje kutafuta pedi. Kafyu ya saa moja jioni iliwafungia ndani na mtu yule yule. Hawa ndio walihitaji huduma kuliko wote, na hawa ndio hawakuonekana mpaka tumbo lilipoonekana.

#10 Takwimu_Kasese
Mniwie radhi, naleta namba tena. Takwimu za vituo vya afya zilizotolewa na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, zinasema mimba za utotoni zilizosajiliwa mwaka 2020 ni 354,736, na miezi sita ya kwanza ya 2021 ni 196,499. Polisi nao: kesi za kunajisi watoto 13,613 mwaka 2019, zikawa 14,134 mwaka 2020 na 14,436 mwaka 2021. Ugomvi wa majumbani ndio uliruka hasa, kutoka 13,693 hadi 17,664 kwa mwaka mmoja.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 ulikuta asilimia 25 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Ule wa 2022, baada ya Corona yote, ukakuta asilimia 24. Nani anaweza kunieleza?

#11 Mzee_wa_Katwe
Rahisi. Kelele ilikuwa ya wafadhili. Mimba zilikuwepo, zipo, zitakuwepo. Mwaka 2020 redio zote zilikuwa zinatangaza "piga simu 116", ile namba ya bure ya kuripoti ukatili kwa watoto, kila shirika linatafuta namba za kupelekea Ulaya, basi kilichokuwa kimefichwa kikaandikwa. Nimekaa Katwe miaka mingi, watoto wa Karamoja wanaomba pale kituo cha teksi tangu zamani za kale. Leo mnasema Corona?

#12 Mkunga_Jinja
@Mzee_wa_Katwe, mimi si shirika. Nilikuwa nawapima matumbo kwa mikono hii.

@Takwimu, huo utafiti ni wa nchi nzima na wa miaka 15 hadi 19. Waliokuja kwangu wengine walikuwa hawajafika 15, hawamo kwenye hiyo asilimia yako. Na asilimia ikibaki pale pale huku idadi ya watu inakua, vichwa vinaongezeka, si ndiyo?

#13 Takwimu_Kasese
Hapo umenibana. Lakini kuongezeka kwa vichwa kwa sababu ya kuzaliana si Corona.

#14 Furaha_Nakivale
Jambo wandugu. Miye niko huku kambi ya wakimbizi Nakivale, natoka Kongo, Kivu. Muko munabishana shule na redio, kwetu sababu ilikuwa tumbo. Aprili 2020 mgao wa WFP, wale wa chakula wa Umoja wa Mataifa, ulikatwa asilimia 30. Kwa sisi wa kupewa pesa, mtu mmoja alikuwa anapata shilingi 31,000 kwa mwezi, ikawa 22,000. Februari 2021 wakakata tena, ikafika asilimia 40 chini ya ile ya zamani. Mutu wa familia ya watoto sita anafanya nini? Watoto walienda kulima kwa wenyeji, wanalipwa ndizi. Mama akienda kwenye ofisi ya ulinzi wa mtoto hakuwa anaenda kusema "mtoto wangu anafanyishwa kazi." Alikuwa anaenda kuuliza chakula. Wao wanaandika "ulinzi wa mtoto" juu iyo ndiyo karatasi yenye wako nayo.

#15 Probesheni_Mashariki
@Furaha_Nakivale asante, hilo la karatasi limenigusa. Na huku ni vile vile. Mwanamke anakuja kudai matunzo, tunamwita baba, baba anakuja na viatu vimetoboka, alikuwa kondakta wa basi, basi halitembei. Tunamwandikisha makubaliano: kilo kadhaa za unga kila wiki, sabuni, anatia sahihi. Wiki inayofuata mama amerudi. Kisheria ni kesi ya kutelekeza mtoto. Kiukweli ni watu wawili hawana kitu, na mimi katikati nina muhuri.

#16 Mama_Pili_Bombo
Mwenye uzi, hamjawataja mabibi. Watoto hawakuachwa kwa baba wala mama, waliletwa kwa sisi. Nyumba yangu ilijaa wajukuu mwezi ule ule wa Machi, na hawakurudi wote. Mimi nina miaka 68. Pesa ya wazee, wakati ule 25,000 kwa mwezi, ilianzia miaka 80. Kwa hiyo nimezeeka kwa kulea, bado kijana kwa serikali.

#17 Dereva_Malaba
Shikamoo mama. Umetuua.

#18 Mzee_wa_Katwe
Lakini serikali ilitoa posho (unga wa mahindi) na maharage nchi nzima, tena bila ubaguzi. Tuwe na shukrani. Na mahali palipogawiwa kitu ndipo watu walipojaa. Mkono mtupu haulambwi. Ofisi yenye unga ina "mahitaji makubwa", ofisi yenye ushauri nasaha haina mtu. Hilo ndilo jibu la daftari la mwanzisha uzi, andika kokote.

#19 Boda_Mubende
Nchi nzima gani mzee? Posho ya 2020 ilikuwa Kampala na Wakiso. Kilo sita za unga na tatu za maharage kwa mtu. Sisi Mubende tuliiona kwenye televisheni.

Na ile laki moja ya Julai 2021 kwenye simu, familia kama laki tano nchi nzima, orodha iliegemea kazi zilizofungwa: boda, saluni, baa, wapiga debe wa stendi. Mimi wa boda niliipata, sitadanganya. Jirani yangu anayelea watoto wa marehemu dada yake hakuipata, kwa sababu yeye ni mkulima wa kibarua na kilimo hakikufungwa. Basi nani alikuwa na watoto wa kuhurumiwa hapo, mimi kijana bila mtoto au yeye?

#20 Mtu_wa_Muleba
Boda mwenye ukweli. Nadra kama theluji Dodoma.

#21 Nyumba_Yetu_Wakiso
Naongeza la kwangu, nimefanya kazi kwenye nyumba ya kulea watoto, jina naliweka kapuni. Lokdauni ilipotangazwa wageni wa kujitolea kutoka nje waliondoka na ndege za mwisho, na michango ikaondoka nao. Uongozi ukaamua watoto warudi kwa ndugu. Mtoto anapewa mfuko wa nguo, godoro lililokunjwa na namba ya simu ya shangazi. Kinachosikitisha ni kwamba ndugu walikuwepo siku zote. Wengi wa watoto wale hawakuwa yatima, walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili, waliletwa kwetu kwa ajili ya karo na chakula. Shule zilipofunguliwa 2022, ndugu walewale wakarudi getini wanauliza: mtamchukua tena? Nikawa najiuliza sisi tulikuwa huduma ya yatima au bweni la bure.

#22 Mwalimu_wa_P6
Hapo ndipo @Mzee_wa_Katwe ana nusu ya ukweli na mimi nina nusu nyingine. Mzazi anatafuta pa kumlisha na kumsomesha mtoto. Shule ikiwepo anakuja kwangu. Isipokuwepo anakwenda kambini, kwa probesheni, kwa wazungu.

Ila shule nayo isisifiwe sana. UPE yetu, elimu ya msingi ya bure ya serikali, haina chakula cha bure, uji ni wa mzazi aliyelipa. Asiyelipa anakaa chini ya mwembe wenzake wakinywa. Tofauti ni Karamoja ambako WFP wanalisha shuleni, huko kufunga shule ni kufunga jiko lenyewe.

#23 Kijana_wa_Busia
Mmesahau mpaka. @Probesheni unasema usafiri uliporudi, kwenu labda. Juni 2020 mabasi yaliruhusiwa lakini wilaya za mpakani tuliachwa nje, tukasubiri zaidi. Kisha Kenya wakafungua shule zote Januari 2021, sisi bado. Ukisimama pale unaona watoto wa ng'ambo wamevaa yunifomu, wa huku wanabeba mawe ya dhahabu kule machimboni. Wenye shangazi upande wa pili walivushwa na njia za panya wakasoma huko, shangazi zao wakawa wengi ghafla.

Halafu kichekesho. Dada yangu alipiga 116 kuripoti jirani anayempiga mtoto. Simu ikashika mtandao wa Kenya. Kumbe 116 ni ya Kenya pia, na ya Tanzania pia. Akapokelewa Nairobi, wakamuuliza yuko kaunti gani. Aliporudia kwa laini ya Uganda, Sauti, wale wa 116 ya huku, wakaipokea vizuri, wakamwambia suala litapelekwa kwa probesheni wa wilaya. Probesheni wa wilaya alikuwa na pikipiki, hana petroli. Dada yangu akatoa ya kwake.

#24 Dereva_Malaba
Kaunti gani 😂 angejibu "Wakiso".

#25 Takwimu_Kasese
@Kijana_wa_Busia hiyo ni hoja ya nguvu kwa mwanzisha uzi. Simu zinaweza kuongezeka huku ofisi inayopokea hizo simu haina uwezo wa kwenda. Ukihesabu simu utasema mahitaji yamepanda. Ukihesabu watoto waliofikiwa utasema yameshuka. Kipindi kile kile, wilaya ile ile.

#26 Mzee_wa_Katwe
Au watu walikuwa wamekaa nyumbani bure, simu ni ya bure, wakawa wanapiga. Tusikwepe na hilo.

#27 Mkunga_Jinja
Mzee wewe ungekuwa unapiga kumshtaki mkeo.

#28 Mzee_wa_Katwe
Ningempigia nani, line ingekuwa bize kwa ajili yenu.

#29 Muuza_Mukene
Mimi nina swali dogo. Kwa nini mnasema kazi ya watoto kama ni msiba mtupu? Mwanangu wa kiume alianza kuuza mukene (dagaa) na mimi sokoni mwaka 2020 akiwa na miaka 12. Alijifunza kupima kwa kopo, kutoa chenji, kujua mteja mwizi. Shule zilipofunguliwa alikataa kurudi. Ana akili ya biashara kuliko mimi. Mnataka niripotiwe wapi?

#30 Mwalimu_wa_P6
Hakuna wa kukuripoti ndugu. Ila muulize barua inasemaje, aisome kwa sauti mbele yako.

#31 Muuza_Mukene
Anasoma bei.

#32 Boda_Mubende
@Mwalimu usimkaange sana. Mamlaka ya Taifa ya Mipango walikadiria asilimia 30 ya wanafunzi hawatarudi. Yeye si wa kwanza. Karo ilipanda, shule binafsi nyingi hazikufunguliwa tena, nyingine zikageuka nyumba za kulala wageni. Unarudi wapi?

#33 Takwimu_Kasese
Yalikuwa makadirio ya 2021 kabla ya kufungua, hayakuwa hesabu ya walioacha. Wanaoyanukuu kama matokeo wanakosea.

#34 Mama_Pili_Bombo
Mimi nimepitia wakati wa ukimwi. Tulizika mama na baba nyumba moja. Watoto wale walikuwa yatima kweli, na majirani walijua yatima ni nani. Corona hapa rasmi iliua watu kama 3,600, si idadi ya kujaza nchi yatima. Kwa hiyo shida hii si ile. Safari hii wazazi wako hai na watoto wametelekezwa. Ndiyo maana inatushinda, hatuna mila ya kumlilia mtoto ambaye baba yake anapita barabarani.

#35 Probesheni_Mashariki
Mama, naomba nikuchukue uje uongee na yule mgeni.

#36 Furaha_Nakivale
Bibi amesema sawa, lakini kwetu hata baba yuko hai na hawezi pita barabarani, juu barabara ya kwao iko na vita.

#37 Parasosho_Kyegegwa
Nimesoma toka juu kimya kimya. Mimi nilikuwa wale wa kujitolea kijijini, tunatembelea kaya zenye watoto wanaoishi na VVU, tunahakikisha dawa zimefika. Lokdauni tulitembea kwa miguu kupeleka dawa, hiyo sikuona mtu ameandika. Posho yetu ndogo ilitoka kwenye mradi wa Marekani. Januari 2025 mradi ukasimamishwa, posho ikakatika, wengi wetu tumerudi shambani. Kwa hiyo ripoti kutoka vijijini kwetu zimepungua sana. Mgeni wa mradi akija mwakani ataandika kwamba watoto wa Kyegegwa hawana shida tena.

#38 Mzee_wa_Katwe
Hilo silipingi.

#39 Takwimu_Kasese
Uzi uandikwe tarehe, mzee hajapinga.

#40 Mtu_wa_Muleba
Kwa hiyo jibu ni lipi, shule, njaa, redio, petroli au unga?

#41 Mkunga_Jinja
Kwa binti gani? Nitajie mmoja nikujibu.

#42 Mrembo_wa_Arua
Samahani naingilia. Dada yangu ana mtoto wa 2021, mtoto wa lokdauni kama mnavyoita. Baba amehamia Juba, hatumi chochote, ila mama yake na shamba lake viko hapa hapa Arua. Inawezekana kudai matunzo au mpaka arudi?

#43 Probesheni_Mashariki
Inawezekana kuanza. Aende na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, na namba zozote za huyo baba, kwa probesheni wa wilaya. Wataita upande wa baba kwanza, mara nyingi bibi akisikia anapiga simu Juba mwenyewe. Ikishindikana inakwenda Mahakama ya Familia na Watoto kwa hakimu. Sisi hatuna mamlaka ya kulazimisha, mahakama inayo. Kama baba anakana mtoto, hilo la uzazi linaamuliwa kwanza, na linaweza kuletwa wakati wowote kabla mtoto hajafika miaka 18. Asikubali mtu amdai pesa ya "kufungua faili", hakuna ada hiyo.

#44 Mrembo_wa_Arua
Asante. Tunaenda Jumatatu.

#45 Kijana_wa_Busia
Jumatatu ni sikukuu. Nendeni Jumanne, na mbebe petroli.